Upande B wa Madungu Matatu

Sehemu ya tisa

Tulipoachana Ijumaa iliyopita, mlango wa studio ulikuwa wazi. Saadi alikuwa amesimama kizingitini na msichana mgeni, na kidole chake kilikuwa kinawaonyesha Kudra na Maimuna njia ya kutokea.

Mwamvua alikuwa ndani ya kile chumba kidogo cha kurekodia, hedifoni masikioni, magodoro yamegongomelewa ukutani kila upande. Kupitia kioo aliona midomo ya Saadi inacheza. Hakuhitaji kusikia.

Akavua hedifoni, akatoka.

"Rudia ulilosema," alimwambia.

Saadi akatabasamu. Alikuwa meneja wao, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi na miwani ya jua hata ndani ya nyumba.

"Nimesema hawa wawili wapumzike. Upande B utaimba wewe, na wa kukuitikia ni huyu. Anaitwa Elina, katoka Mchukwi, anaimba kwaya. Mtoto ana pumzi kama pampu ya baiskeli."

Kwa aliyeanza kusoma leo: Madungu Matatu ni wasichana wa Kiongoroni, kundi la kwanza kutoka delta kuingia studio. Jina walilitoa kwenye mashamba ya mpunga. Kila mmoja alikaa juu ya dungu lake, ule ulingo wa miti wa kuamia ndege wasile mpunga, na wakaitana kwa wimbo tangu jua kuchomoza hadi kuzama.

Redio ya pale Kibiti iliahidi kupiga nyimbo zao siku hiyo, kipindi cha saa tisa alasiri. Sharti lilikuwa moja. Kundi jipya lilete nyimbo mbili, na zifike kabla ya saa nane. Upande A, wimbo wa mapenzi aliotunga Saadi, ulikuwa tayari. Upande B ulikuwa wa kwao wenyewe, ule wa kwenye mpunga.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu.

"Kosa lao nini?" Mwamvua aliuliza.

"Wanachelewa. Muulize prodyuza."

Richard, mwenye studio, mtoto wa mwalimu aliyehamia Kibiti kutoka Songea, alijifuta uso kwa kiganja. Hakupenda kuulizwa.

"Ni kweli, dada Mwamvua. Mara saba tumerudia. Wewe unauliza, wao wanakaa kimya kidogo, ndiyo wanajibu. Biti imeshapita. Nimewakata kwenye kompyuta nikawasogeza, wimbo unakuwa kama mtu anayekabwa koo."

"Wimbo huu tunauimba tangu tuna meno ya utoto," Kudra alisema. Kudra alikuwa mrefu, na mdomo wake haukuwahi kupata kutu. "Leo ndiyo tumechelewa?"

"Kule mlikuwa mnawaimbia ndege," Saadi alijibu. "Ndege hana saa."

"Na wewe unayo, tena ya dhahabu. Juzi ulituweka bandarini Nyamisati tukikungoja tangu asubuhi mpaka maji yakapwa, mashua ikalala upande."

Maimuna, mdogo wao, akacheka, kisha akakumbuka kwamba anafukuzwa.

Saadi akamshika Mwamvua mkono, akamvuta pembeni karibu na pangaboi.

"Sikiliza, mdogo wangu. Wewe unayo sauti. Hao ni mzigo. Peke yako utafika Dar kabla ya mwaka kuisha. Upande B hausikilizwi na mtu, tunaujaza tu kwa sababu redio wanataka mbili. Usiharibu A kwa sababu ya B."

Mwamvua hakuwa mtu wa maneno. Kwao walizoea kumwona anasalimia na kuondoka. Sauti yake kubwa aliitoa juu ya dungu tu, mahali ambapo hakuna anayekutazama usoni.

"Kama hausikilizwi," alisema polepole, "kwa nini unawatoa?"

Saadi akamwachia mkono. Mtu wa aina yake akikosa jibu, hutoa amri.

"Ingia ndani. Elina, nenda naye."

Kudra na Maimuna wakamtazama Mwamvua. Walikuwa na hakika. Huyu ni mwenzao, atakaa nao.

Mwamvua akageuka, akaingia ndani na Elina. Mlango wa magodoro ukafungwa nyuma yao.

"Haya, shoga," Kudra aliuambia mlango. "Nenda salama."

Ndani, Mwamvua hakumpa Elina mkono wala jina. Akavaa hedifoni, akafumba macho, akaita:

"Nani kalala?"

"Si mimi," Elina akajibu, juu ya biti barabara, kama msumari uliopigwa mara moja ukaingia.

Nje ya kioo Richard aliinua dole gumba. Saadi akapiga makofi. Ilikuwa imekwisha. Ndani ya dakika tano upande B ungekuwa tayari, na Kudra na Maimuna wangekuwa njiani kurudi Nyamisati na vikapu vyao.

Elina akavua hedifoni.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?" sauti ya Saadi iliuliza kwenye spika.

"Sijui. Lakini hapana. Nimeimba vizuri na wimbo umekufa. Kaka Richard, naomba nisikie zile saba mlizokataa."

"Hatuna muda wa kusikiliza makosa," Saadi alisema.

"Nimetoka Mchukwi kwa kuitwa, kaka. Dakika mbili hazitakuua."

Wote wakajazana mbele ya kompyuta. Richard akafungua ya kwanza. Mwamvua akauliza ndani ya spika, *Nani kalala?* Elina akawa anagonga meza kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayehesabu ngazi. Maimuna akajibu: *Si mimi.* Kudra akajibu: *Wala mimi.*

Ya pili. Ukucha. Ya tatu. Ukucha.

Kwenye ya tano Elina akaacha kugonga.

"Hawa hawajakosea," alisema.

"Masikio unayo?" Saadi alimuuliza. "Wamechelewa, hata bibi yangu anasikia."

"Wamechelewa, ndiyo. Lakini wanachelewa vilevile kila mara. Mtu anayekosea hawezi kukosea mara saba kwa kipimo kimoja. Huyu mdogo anachelewa pigo moja. Huyu mrefu anachelewa mawili. Hayazidi, hayapungui." Akawageukia. "Dada zangu, huko shambani mlikuwa mnakaa mbali mbali?"

Maimuna akamtazama Kudra kwanza, kama kwamba swali lina mtego.

"Mimi jirani na Mwamvua," alisema. "Ukirusha jiwe kwa teo linafika. Kudra alikuwa ng'ambo ya kijito."

"Mbali?"

"Ukimwona, unaona kitambaa tu."

Richard ndiye aliyeelewa wa kwanza, akajipiga paji la uso.

Mwamvua naye akaelewa. Sauti ilikuwa inatembea. Miaka yote ile ilitoka kinywani mwake, ikavuka mpunga, ikamfikia Maimuna, ikavuka maji, ikamfikia Kudra. Wenzake walizoea kuingoja ifike. Hata leo, ndani ya chumba cha hatua tatu, bado walikuwa wanaingoja ivuke kijito.

"Kwa hiyo ni ugonjwa wa shamba," Saadi alisema. "Nashukuru kwa darasa. Elina, rudi ndani."

"Mimi siimbi," Elina alijibu. "Nikiimba kwa wakati si wimbo huo. Nikijifanya nachelewa, ni uongo."

"Basi Mwamvua ataimba peke yake na sauti yake itajiitikia. Kompyuta inaweza."

Kila jicho likamwendea Mwamvua.

"Tunatoka nje," alisema.

"Nje wapi?"

"Kwenye mpunga. Kudra akae mbali kwake, Maimuna akae karibu kwake. Tutaimba kama tunavyoimba."

Saadi akavua miwani yake, na waliokuwapo waliona kwa mara ya kwanza kwamba macho yake ni madogo.

"Ukitoka kwenye mlango huu na maikrofoni ile, umejitoa kwenye kundi."

"Maikrofoni ni yangu," Richard alisema.

Alisema kwa sauti ndogo, akiangalia waya uliokuwa mkononi mwake. Lakini alikuwa tayari anaukunja.

"Kundi ni letu," Mwamvua akaongeza. "Utatutoaje kwenye kitu chetu?"

Saadi akaichomoa flashi yenye upande A kwenye kompyuta, akaitia mfukoni.

"Haya. Saa nane tutaona nani ana wimbo na nani ana matope."

Akaondoka. Harufu ya manukato yake ilibaki, kisha pangaboi likaifukuza nayo.

*

Saa sita kasorobo bajaji iliwateremsha Mtawanya, watu watano, laptopu moja, maikrofoni moja, na waya mrefu uliofungwa kama kamba ya mbuzi. Bonde la mpunga lilikuwa limeiva. Kwelea kwelea walikuwa wanazunguka juu kama moshi usioamua pa kwenda.

Mwenye shamba, Mzee Sadala, alikuwa juu ya dungu lake, redio ndogo imening'inia kwenye mti wa ulingo, debe tupu mapajani.

"Shikamoo, babu," waliamkia kwa pamoja.

"Marahaba. Mmepotea?"

"Tunaomba kuamia ndege kwenye mpunga wako, babu," Mwamvua alisema.

Mzee Sadala alimtazama, akamtazama Richard, akautazama waya.

"Mnaamia na umeme?"

"Umeme ni wa kuhifadhi sauti tu. Midomo ni yetu."

"Mie naamia hapa tangu kabla mama zenu hawajavunja ungo. Sijawahi kuona waya." Akafikiri. "Ndege hawatatua?"

"Hawatatua."

"Basi imbeni mpaka Idi."

Mwamvua akapanda dungu dogo la pili lililokuwa limeachwa. Richard akaifunga maikrofoni kwenye nguzo, akaifunika na soksi yake mwenyewe ili upepo usiingie. Elina akakaa chini ya ulingo, laptopu mapajani, kanga juu ya kichwa ili aone kioo.

"Chaji asilimia ishirini na sita," alisoma.

Maimuna alitumwa kwenye kichuguu. Kudra akaambiwa aende mbele.

Kudra hakuondoka. Alikuwa bado ana dukuduku.

"Uliingia ndani na yule msichana," alisema.

"Niliingia."

"Kwa nini?"

Mwamvua angeweza kudanganya. "Kwa sababu aliniita mdogo wangu na akaniambia nitafika Dar," alijibu. "Nikaenda. Nilipouliza nani kalala na wewe hukujibu, nikaona nimebaki peke yangu."

Kudra akavuta kanga yake, akatema mate pembeni.

"Dar kwenyewe kuna joto," alisema, akaanza kutembea.

Akatembea mpaka mkorosho wa kwanza. Mwamvua akapiga kelele, "Bado." Akatembea mpaka wa tatu. "Bado kidogo." Mpaka akawa kitambaa tu, chekundu, kwenye mkorosho wa mwisho.

"Hapo," Mwamvua alisema, kwa sauti ya kawaida, kama kwamba mwenzake yuko pembeni.

Richard akabonyeza.

"Nani kalala?"

"Mie niko macho," akajibu Mzee Sadala kutoka kwenye dungu lake.

Wakalazimika kusimamisha.

"Babu, hujaulizwa wewe," Elina alimwambia.

"Kauliza nani kalala, shamba langu, nisijibu?"

"Wimbo, babu."

"Ungesema."

Wakaanza upya. Wakafika ubeti wa pili, pikipiki ikakatiza njiani na honi ndefu, kundi la ndege likashuka kwa hasira upande wa Maimuna, Maimuna akaacha wimbo akashika madongo. Wakasimamisha tena.

"Asilimia kumi na nne," Elina alisema.

"Ikifika tano inajizima," Richard alisema. "Hii ndiyo ya mwisho, dada."

Mwamvua alifumba macho. Akayafumbua. Hakukuwa na kioo mbele yake wala dole gumba. Kulikuwa na mpunga, na watu wake wawili walikuwa ndani yake.

"Nani kalala?"

Sauti ikaondoka. Zamani angeimba mstari unaofuata bila kuwaza. Leo aliisikia inavyokwenda.

"Si mimi," Maimuna akajibu.

Na kutoka mbali, nyembamba lakini kamili, kama uzi uliopita kwenye tundu la sindano:

"Wala mimi."

Mwamvua akaachia:

"Nimelima kwa mkono, nimepanda kwa mgongo. We ndege hukushika jembe, unadai fungu gani?"

"Fungu gani," Maimuna akasema.

"Fungu gani," mkorosho wa mwisho ukasema.

Wakaenda hivyo beti tano. Hakuna biti, hakuna kinanda. Kwenye ubeti wa nne Mzee Sadala akaanza kugonga debe kwa vidole, pole, pale pale panapotakiwa, na Richard akamwachia. Kwelea kwelea wakainuka wote kwa pamoja, wakaondoka kuelekea barabara kuu.

Wimbo ukaisha.

"Hifadhi kwanza, kaka Richard," Elina alinong'ona. "Asilimia sita."

Richard akahifadhi, akauhamishia wimbo kwenye simu yake kwa waya mfupi. Kioo cha laptopu kikazimika alipokuwa anachomoa.

*

Walisikiliza kwenye simu, vichwa vimegusana. Sauti ya Mwamvua ilikuwa karibu. Za wenzake zilikuwa ndogo, kila moja mahali pake.

Richard akakuna shingo. "Redio watasema hao wengine hawasikiki. Nikirudi studio ningewavuta mbele kidogo. Kidogo tu."

"Usiwasogeze," Mwamvua alisema.

"Dada, msikilizaji..."

"Ukiwasogeza hata unywele, nafuta. Atakayetaka kuwasikia atatega sikio. Sisi tulitega."

Richard akafungua ujumbe wa kumtumia mtangazaji.

"Niandike nani?"

"Andika watatu. Anza na Kudra, ndiye wa mbali. Kisha Maimuna. Mimi mwisho."

Wimbo ulitumwa saa saba na dakika hamsini na nne. Tiki ya kwanza ikatokea. Ya pili ikakawia, Maimuna akawa anaisomea dua, ikatokea.

Hapo hapo simu ya Mwamvua ikaita. Alikuwa Saadi.

"Nimeshapeleka A," alisema, na nyuma yake kulisikika kelele za stendi. "Nimeandika jina moja, lako. Nimewaambia kundi limevunjika na upande B haupo. Bado nafasi unayo. Rudi mjini peke yako, tusahau ya leo."

"Umeandika jina langu bila kuniuliza, kaka Saadi."

"Nimekusaidia."

"Lifute."

"Halifutiki tena, wameshalipokea."

"Basi liache hapo," Mwamvua alisema. "Mimi nimeandika matatu."

Akakata simu. Hakuwahi kumkatia simu mtu aliyemzidi umri. Akakitazama kidole chake kilichofanya kazi hiyo, akakifuta kwenye kanga.

Saa tisa wote walikuwa chini ya dungu la Mzee Sadala, wanakula mihogo yake ya kuchemsha, redio imeongezwa sauti mpaka mwisho. Urbano, mtangazaji, alianza na salamu za wasikilizaji, akaenda kwenye matangazo, akarudi.

"Saadi ametuibia," Kudra alisema. "Huyu atapiga A."

"Subiri," Elina alimwambia.

"Msikilizaji," Urbano alisema ndani ya redio, "leo nina jambo. Nimeletewa kundi kutoka Kiongoroni. Meneja kaniambia ni mtu mmoja, wimbo mmoja. Baadaye nikapokea wimbo mwingine, majina matatu. Nikaufungua hapa ofisini dirisha likiwa wazi. Mlinzi wetu wa getini alikuja mbio kuniuliza nani anamwita. Basi upande A utasubiri. Nianze na B. Kudra, Maimuna, Mwamvua, popote mlipo."

*Nani kalala?* redio ikauliza.

Maimuna akafunika uso kwa mikono yote miwili. Machozi yalimteremka Kudra, mwenye mdomo usiopata kutu, akayaacha, huku bado anatafuna muhogo. Mzee Sadala aliposikia debe lake mwenyewe, aliinua kidole kuwaonyesha ndege wapite kimyakimya.

Upande ambao hausikilizwi na mtu ulikuwa unasikilizwa Kibiti nzima. Mwamvua alimwaza Saadi amesimama stendi, redio za maduka yote zinamuuliza kama kalala. Akacheka peke yake. Wote walikuwemo. Hakuna aliyekatwa.

Wimbo ukaisha. Simu za redioni zikaanza kumiminika. Mmoja wa Ikwiriri akasema urudiwe. Mmoja akasema amemkumbuka marehemu shangazi yake.

"Tupokee ya mwisho," Urbano alisema. "Haloo, nani mwenzangu?"

"Naitwa Mwanabibi."

Mwamvua aliuweka muhogo chini. Kudra akageuka polepole. Maimuna akaondoa mikono usoni.

"Karibu, dada Mwanabibi. Wimbo umeuonaje?"

"Mzuri. Ila umekatwa."

"Umekatwa wapi?"

"Baada ya *wala mimi*. Madungu yalikuwa manne. La nne lilikuwa langu."

Hili Mwamvua hakuwahi kumwambia Richard wala mtu yeyote wa Kibiti. Siku Saadi alipofika Kiongoroni kuwasikiliza, walisimama wasichana wanne mbele yake. Saadi aliwatazama usoni mmoja mmoja. Mwanabibi alikuwa na kovu la moto kwenye shavu. "Wanne ni wengi," Saadi akasema. "Watatu." Kudra na Maimuna wakamgeukia Mwamvua, kwa kuwa ndiye mwanzishaji wa wimbo, na neno lake lingetosha. Mwamvua alitazama vidole vya miguu yake mpaka Mwanabibi akaokota kikapu akaondoka. Mwezi ule ule aliolewa, akachukuliwa upande wa Kibiti. Hakuna aliyeuliza kijiji gani.

"Unapiga kutoka wapi, dada?" Urbano aliuliza.

"Mtawanya."

Mzee Sadala akapunguza sauti ya redio. Akakumbuka, akaiongeza tena.

"Wimbo nimeusikia kabla yenu," sauti ya Mwanabibi ilisema. "Tangu saa sita, kwa masikio yangu, niko shambani kwa mume wangu. Waliuliza nani kalala mara tatu. Mara tatu nimejiziba mdomo kwa mkono. Nilisema labda watataja jina langu redioni. Nimesikiliza. Wametaja matatu."

Simu ikakatika.

Sekunde haijapita, simu ya Richard ikaita. Akaipokea, uso ukambadilika, akamnyooshea Mwamvua.

"Ni Urbano. Anasema uko hewani."

Mwamvua aliishika simu. Ilikuwa ya moto kama kijinga cha jikoni. Ndani yake ilikuwemo Kibiti nzima, na stendi, na Saadi, wote wanangoja atasema nini. Angeweza kusema hamjui Mwanabibi. Angeweza kusema aliyemtoa alikuwa Saadi, na sehemu ya jambo hilo ni kweli.

"Dada Mwamvua?" Urbano aliita. "Ni kweli mlikuwa wanne?"

"Ni kweli," alisema. "Na niliyenyamaza ni mimi."

Akairudisha simu kwa Richard bila kuikata. Akapanda dungu, miti ikalia chini ya miguu yake. Akasimama wima, akaweka viganja kando ya mdomo, akaita kuliko alivyoita mchana, kuliko alivyowahi kuita Kiongoroni.

"Nani kalala?"

"Si mimi," Maimuna alijibu chini ya ulingo, kwa sauti ndogo.

"Wala mimi," Kudra akasema.

Kisha wakangoja.

Ukapita muda wa Maimuna. Ukapita muda wa Kudra. Elina alikuwa anagonga goti lake kwa ukucha, akafika tatu, akafika nne, akaacha kuhesabu. Mpunga ulisimama. Simu mkononi mwa Richard ilikuwa bado hewani.

Halafu jibu likaja. Halikutoka kwenye redio wala kwenye simu. Lilitoka ng'ambo ya bonde, nyuma ya mkorosho wa mwisho, na halikuwa jibu la kwenye wimbo.

"Wewe."

Na mpunga ukaanza kugawanyika, mtu anakuja.